Ugonjwa wa Ngozi Si Sababu ya Kumtenga Mfanyakazi Mwenzetu



Mara nyingi katika karatasi yetu hii twasoma habari za mishahara, saa za kazi na nyumba. Mambo hayo ni makubwa, wala siyapunguzi hata kidogo. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya jambo ambalo sijalisikia likitajwa katika mikutano yetu, nalo ni ngozi ya mfanyakazi. Najua wengine watacheka. Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho, maana huenda anayecheka leo ndiye atakayeandikiwa barua ya kufukuzwa kesho kwa ajili ya jambo hili hili.

Mimi ni fundi wa mabasi. Kazi yangu ni breki na springi, na nimeifanya miaka 17. Siku nyingi nalala chali chini ya gari au napiga magoti juu ya saruji. Mwaka wa 6 wa kazi yangu nilitokwa na mabaka juu ya magoti na viwiko. Yalikuwa mazito, ya rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijivu, na juu yake palikuwa na magamba meupe makavu kama maganda ya kitunguu. Nikiyakuna yalianguka, na chini yake damu ilitoka kwa vitone vidogo vidogo. Baadaye mabaka yakafika kichwani na kiunoni, na kucha zangu zikawa na vishimo kama kastabini ya fundi wa cherehani.

Basi maneno yakaanza. Mmoja alisema ni ukoma. Mwingine akasema ni choa. Wa tatu akanong'ona kwamba nina UKIMWI, na mwingine akasema nimekula mali ya mtu na sasa narogwa. Kinyozi wangu wa miaka mingi aliniambia mashine imeharibika, nami nikaona kwa macho yangu anamnyoa mtu aliyekuja baada yangu. Na pale kazini, siku moja saa ya chai, nilikuta kikombe changu kimepakwa rangi nyekundu chini ili kisichanganyike na vya wengine. Hakukipaka nyapara, wala hakukipaka tajiri. Walikipaka wenzangu, watu tunaolipa ada ya chama pamoja.

VITA TULIVYOSHINDA NA VITA TULIVYOSHINDWA

Haukupita muda mrefu, nikapewa barua. Iliandikwa kwamba nina ugonjwa wa kuambukiza na kwamba kazi yangu itakoma mwisho wa mwezi. Mjumbe wetu wa wakati ule, mzee ambaye hakusoma sana lakini alijua sheria kama ajuavyo njia ya kwenda kwake, alinishika mkono akaniambia, "Usitie sahihi kitu chochote. Kwanza tupate karatasi ya daktari."

Tulikwenda hospitali ya serikali, katika kliniki ya ngozi. Daktari alitazama viwiko, kichwa na kucha, akauliza habari za viungo na za jamaa zangu, akaandika barua fupi. Ilisema ugonjwa wangu unaitwa soriasisi, kwamba hauambukizi kwa njia yoyote ile, na kwamba naweza kuendelea na kazi yangu.

Mjumbe aliketi nami mbele ya wakubwa, kama Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inavyoruhusu. Alisoma barua ya daktari, kisha akasoma sheria. Baada ya nusu saa barua yao ikafutwa, na Jumatatu nikarudi chini ya basi.

Hivyo ndivyo tulivyomshinda tajiri. Lakini saa 4 asubuhi, chai ilipokuja, kikombe changu kilikuwa bado kina rangi nyekundu. Barua ya daktari ilitosha kumgeuza mwajiri, haikutosha kutugeuza sisi. Kwa sababu hii naandika leo. Sisi tunaopiga kelele juu ya ubaguzi wa matajiri, yafaa tujitazame wenyewe kwanza.

UGONJWA HUU NI NINI

Yafaa kila mwanachama aujue ukweli, maana ujinga ndio uliopaka rangi kile kikombe.

Ngozi ya mtu hujibadilisha kila wakati. Chembe mpya huzaliwa chini, hupanda juu polepole, kisha huanguka bila sisi kuona. Kwa mtu asiye na ugonjwa, safari hiyo huchukua karibu mwezi 1. Kwa mwenye soriasisi huchukua siku chache tu. Chembe hufika juu kabla hazijakomaa, zinarundikana, na rundo hilo ndilo baka lenye magamba. Sisi mafundi tutaelewa upesi: ni kama injini inayozunguka mbio ingawa hakuna mtu aliyekanyaga mafuta.

Anayeisukuma injini hiyo ni askari wa mwili wenyewe, wale wanaotulinda na vijidudu. Kwa mwenye soriasisi askari hao hukosea, wakaichokoza ngozi ya mwenyewe. Mtu huzaliwa na uwezekano wa kuupata, na mara nyingi hukuta baba, mama au shangazi alikuwa nao. Kwa hiyo hauletwi na uchafu, wala uchawi, wala laana. Haushikwi kwa kupeana mkono, kwa kikombe, kwa taulo, kwa kiti cha basi, wala kwa kulala kitanda kimoja na mke au mume.

Kuuchanganya na ukoma ni kosa la zamani sana. Huko Ulaya, kwa karne nyingi watu wa namna yetu walihesabiwa pamoja na wakoma. Ni mwaka 1841 tu ambapo daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna aliyatenga magonjwa haya mawili wazi wazi. Ajabu ni kwamba gerejini kwetu bado tuko nyuma ya mwaka 1841. Na hata huo ukoma siku hizi una dawa na unapona kabisa, kwa hiyo hakuna mgonjwa wa ngozi anayestahili kufukuzwa kama mbwa.

Mwaka 2014 mataifa yaliyokutana katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio juu ya soriasisi. Walikiri kwamba ni ugonjwa wa kudumu, usioambukiza, wenye maumivu, na ambao bado hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Shirika hilo linakadiria kwamba watu wenye ugonjwa huu duniani si chini ya milioni 100. Basi, ndugu, mimi si peke yangu, na bila shaka katika matawi yetu wamo wengine wanaojificha. Namjua mama mmoja mfagiaji ambaye huvaa mikono mirefu mwaka mzima, hata wakati wa joto kali la Februari. Hakuniambia kwa nini, wala sikumwuliza. Nilijua.

TENA SI UGONJWA WA NGOZI TU

Wengine husema, "Ni mabaka tu, vumilia." Hawajui. Kwa watu wengi ugonjwa huu huingia katika viungo pia. Vidole huvimba kama soseji, kisigino huuma, na asubuhi mtu huamka mgumu kama bawaba yenye kutu. Asipotibiwa mapema, viungo huharibika na havirudi. Mfanyakazi wa mikono akipoteza vidole, amepoteza kila kitu. Kwa hiyo ukiwa na mabaka na viungo vinakuuma asubuhi, usingoje mwisho wa mwezi. Mwambie daktari.

Tena wenye soriasisi, hasa iliyo kali, hupata zaidi ugonjwa wa moyo, kisukari na shinikizo la damu kuliko watu wengine. Na moyo wa ndani nao huumia. Mtu anayetengwa chakulani, anayekimbiwa na kinyozi, anayeogopa kuvua shati mbele ya mkewe, huingiwa na huzuni ambayo yaweza kumfikisha pabaya. Nimeipitia hali hiyo.

MAKOSA NILIYOYAFANYA, MSIYAFANYE

Kabla ya kufika kwa daktari wa ngozi nilipoteza zaidi ya mwaka mzima na pesa nyingi. Nataka niyataje makosa yangu ili mwenzangu asiyarudie.

Kosa la kwanza: nilinunua tyubu dukani bila kuandikiwa na daktari. Ilikuwa na dawa iitwayo klobetaso, dawa kali ya jamii ya steroidi. Juma la kwanza mabaka yalilainika, nikafurahi kama mtoto. Nikaendelea kupaka kila siku kwa miezi, mpaka ngozi ikawa nyembamba kama karatasi na kupasuka. Nilipoacha ghafla, mabaka yalirudi kwa hasira kuliko mwanzo. Dawa hii si mbaya yenyewe, madaktari huitumia. Lakini ina kipimo, ina muda, na kuna mahali pasipofaa kupakwa, kama usoni na kwenye mikunjo. Wako pia wanaoipaka ili wawe weupe. Hao nao wanaichimba ngozi yao.

Kosa la pili: mtu fulani alinidunga sindano "ya mzio". Sindano na vidonge vya steroidi, mwenye soriasisi akivitumia kisha akaviacha, vyaweza kuleta mlipuko wa usaha mwili mzima unaohitaji kulazwa.

Kosa la tatu: nilijisugua kwa jiwe, na kunawa mikono kwa petroli na sabuni ya unga kama mafundi wengi tufanyavyo. Mwaka 1872 daktari Heinrich Koebner alieleza jambo ambalo kila mgonjwa angepaswa kufundishwa siku ya kwanza: palipojeruhiwa, soriasisi yaweza kuota papo hapo. Ndiyo maana magoti yangu yanayosugua saruji, na vifundo vya vidole vinavyogongwa na spana, vilikuwa vibaya kuliko sehemu nyingine.

Iko pia mambo mengine yanayouamsha ugonjwa: maumivu ya koo yenye vijidudu, mawazo mengi, pombe, sigara, unene wa kupita kiasi, na baadhi ya dawa, kama dawa fulani za presha na dawa za malaria za jamii ya klorokwini. Usiache dawa ya daktari kwa kusoma maneno yangu. Lakini kila ukitibiwa ugonjwa wowote, mwambie daktari kwamba una soriasisi.

MATUNZO YANAYOFAA

Jambo la kwanza ni mafuta, tena si ya bei kubwa. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa mara baada ya kuoga wakati ngozi bado ina unyevu, hupunguza magamba, mipasuko na mwasho. Mimi hupaka asubuhi na usiku, na kikopo kidogo nakiweka katika sanduku langu la vyombo pamoja na spana. Maji yawe ya vuguvugu, si ya moto sana. Sabuni iwe laini, si ile ya kufulia nguo.

Jambo la pili ni dawa za kupaka anazopima daktari. Iko asidi ya salisili ya kulainisha magamba, yako mafuta ya lami ya makaa ya mawe, ambayo ni dawa ya zamani na bado inafanya kazi, iko steroidi kwa kipimo chake, na iko dawa ya jamii ya vitamini D iitwayo kalsipotrioli.

Jambo la tatu ni mwanga. Jua la kiasi huwasaidia wengi, lakini kuungua na jua hudhuru. Hospitali chache zina mashine ya mwanga maalum, ambayo mgonjwa huiendea mara kadhaa kwa wiki kwa muda wa wiki nyingi. Hapo ndipo ruhusa ya kazini inapokuwa jambo la chama.

Jambo la nne, kwa ugonjwa mkali, ni dawa za kumeza au sindano. Inayotumika sana ni methotreksati. Sikilizeni vizuri: kwa soriasisi dawa hii huchukuliwa mara 1 kwa wiki, si kila siku. Waliokosea wakaimeza kila siku, wengine wamekufa. Anayeitumia hupimwa damu na ini, haifai kuchanganywa na pombe, na mwanamke mwenye mimba asiiguse. Ziko pia sindano mpya zinazowazuia wale askari wa mwili kwa njia ya kuchagua. Zinafanya kazi nzuri sana, lakini bei yake haiko karibu na mshahara wa fundi.

Hakuna hata moja katika hizi iliyo dawa ya kung'oa ugonjwa na mizizi. Atakayekuambia anayo hiyo, shika mfuko wako. Lakini kwa matunzo ya kweli mabaka hupungua, na kwa wengine hutoweka kwa muda mrefu. Mimi leo nina mabaka mawili madogo tu, na kazi yangu haijaharibika hata siku moja kwa ajili yake.

Madaktari wa ngozi ni wachache nchini, na wengi wako katika miji mikubwa. Lakini wako pia maofisa wa tiba waliosomea ngozi. Huko Moshi, Tanzania, kipo chuo cha mkoa huu wote wa Afrika kinachowafundisha watu wa namna hiyo tangu miaka ya 1990. Uliza katika hospitali ya kaunti yako kama yuko mmoja, na anakuja siku gani.

HAKI ZETU KATIKA SHERIA

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi 2 kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta karatasi ya daktari. Kifungu cha 41 kinasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya kutojiweza kimwili, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama wakati wa kusikizwa. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri atoe mavazi ya kinga, pamoja na glavu, kwa kazi zenye vitu vya kudhuru.

Tena kila mwezi tunakatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Pesa ni zetu. Yafaa chama kiulize kwa maandishi, mgonjwa wa ngozi anapata nini kwa pesa hizo.

CHAMA SI HOSPITALI?

Nilipoligusa jambo hili siku moja barazani, ndugu mmoja alisimama akasema, "Chama si hospitali. Tutafute mshahara kwanza, ngozi baadaye." Namheshimu, na naelewa hofu yake. Tukidai kila kitu kwa pamoja, mwajiri atapata nafasi ya kutupa kidogo hapa na kutunyima kikubwa pale. Lakini namjibu hivi. Mfanyakazi hana shamba la kukodisha wala hisa za kuuza. Anachouza ni mikono yake, na mikono imefunikwa kwa ngozi. Mshahara ukipanda leo, na kesho mtu akafukuzwa kwa sababu ya mabaka, nyongeza hiyo imemfaa nani? Tena haya ninayoyadai si ya gharama kubwa.

Nataka mambo matano tu. La kwanza, kila mjumbe ajue kwamba soriasisi haiambukizi, na asikubali mtu aandikiwe barua kabla ya kuonwa na daktari. La pili, tukijadiliana mkataba wa pamoja, tudai ruhusa ya kwenda kliniki kwa ugonjwa wa kudumu isihesabiwe kuwa utoro. La tatu, glavu, sabuni laini ya kunawia na maji safi viwe katika kila gereji, na mkeka wa kupigia magoti, tena visikatwe kwenye mshahara. La nne, fundi ambaye mikono yake imewaka apewe kazi kavu kwa siku chache badala ya kuachishwa. La tano, na hili halimhusu tajiri hata kidogo: tuache kutengana chakulani.

Kwa ninyi mnaojificha, nawaambieni neno la ndugu. Msinunue tyubu gizani. Nendeni mkaonwe. Mkiwa na barua ya daktari, njooni kwa mjumbe wenu. Mtu aliye peke yake na mabaka yake ni mtu wa kufukuzwa. Mtu mwenye daktari upande mmoja na chama upande wa pili ni vigumu kumgusa.

Mtataka kujua kikombe kiliishia wapi. Yule mzee mjumbe alikaa kimya kwa siku kadhaa akitazama. Halafu asubuhi moja alikichukua, akajimiminia chai yake humo mbele ya watu wote, akanywa mpaka mwisho, akanirudishia. Hakusema neno. Wiki ile ile mtu fulani alikisugua kwa msasa, na mpaka leo sijui ni nani. Mzee amestaafu, nami nimechaguliwa mahali pake. Katika kila gereji ninayoitembelea, kitu cha kwanza ninachotazama ni vikombe.

Umoja wetu na uanzie hapo.

Mimi fundi mwenzenu na mjumbe wenu.